Programu Mpya Isipotee Ndani ya Mashine

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuweka programu mpya katika kompyuta humalizika pale mashine inaposema tayari. Mimi sikubali. Natunza kompyuta za vijana hapa Kibuli, nami naona kuwa programu isiyoonekana ni sawa na isiyowekwa. Mwanafunzi aliyepewa dakika arobaini tu kwa juma hawezi kuzimaliza kwa kupekua. Akikosa kitu mara mbili, mara ya tatu hatakitafuta. Atafungua mchezo wa karata, na kengele italia. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika kurasa hizi nieleze jinsi menyu ya kompyuta inavyofanya kazi, na jinsi sisi wenyewe tunavyoweza kuitengeneza.

Fikirini soko la Owino. Viatu vina mahali pake, nguo za mitumba mahali pake, maharage na samaki wakavu mahali pao. Mnunuzi hajui jina la mwuzaji wala hana haja nalo. Ajualo ni kwamba anataka viatu. Sasa aje mfanyabiashara mgeni, apange viatu vyake nyuma ya magunia ya mkaa, na juu yake atundike ubao wenye jina la babu yake tu. Viatu ni vizuri na bei ni nafuu, lakini jioni atarudi navyo nyumbani.

Waandishi wa programu hufanya vivyo hivyo. Iko programu njema sana ya kemia iitwayo Kalzium. Humwonyesha mwanafunzi jedwali lote la elementi, uzito wa kila atomu, na kiwango cha joto cha kuyeyukia. Jina lake ni neno la Kijerumani lenye maana ya kalsiamu. Kijana wa S.2 atajuaje? Nyingine ni Marble, nayo ni tufe la dunia na atlasi. Atakaye kulitazama ziwa la Nalubaale na mito yake angefaidika nayo, lakini jina lake kwa Kiingereza ni marumaru, au gololi za watoto. Stellarium, ionyeshayo nyota za mbinguni kama zionekanavyo usiku huu huu juu ya Kampala, yaeleweka kwa aliyesoma Kilatini. Siwalaumu sana waandishi hao, maana kila mzazi humpa mwanawe jina alipendalo. Lakini mwenye kuiweka programu shuleni ana wajibu wa kuandika ubao wa pili.

Katika mfumo wa Linux, ambao shule nyingi huupenda kwa kuwa haununuliwi, ubao huo ni faili dogo la maandishi ambalo jina lake huishia na .desktop. Zamani kila aina ya menyu ilikuwa na desturi yake, hata programu ikaonekana hapa na kupotea pale. Mwaka 2000 Havoc Pennington alianzisha mradi wa freedesktop.org ili watengenezaji wapatane, na mapatano hayo ndiyo yanayotumika hata leo. Nitaandika mfano mmoja, nanyi mtazame kila mstari:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Kalzium
Name[sw]=Kalzium: Jedwali la Elementi
Comment[sw]=Soma habari za elementi za kemia
Exec=kalzium
Icon=kalzium
Categories=Education;Science;Chemistry;
Keywords[sw]=kemia;elementi;atomu;jedwali;

Mstari wa Exec huiambia mashine iamshe programu gani, na Icon huchagua picha yake ndogo. Categories ndiyo mtaa wa soko: kwa neno Education programu huwekwa katika fungu la elimu. Maneno ya mstari huu hayatungwi na mtu apendavyo. Yako katika orodha iliyokubaliwa, nayo huandikwa kwa Kiingereza hata kama menyu yenyewe itaonekana kwa Kiswahili. Keywords ni maneno ya kutafutia. Siku hizi vijana hawashuki ngazi za menyu hatua kwa hatua kama sisi. Hubonyeza kitufe, huandika herufi tatu nne, na kungoja. Basi kama neno aliandikalo halimo katika jina wala katika maneno ya kutafutia, mara nyingi huambiwa hakuna kitu, ingawa kitu kipo.

Herufi sw katika mabano ni alama ya Kiswahili. Haina haja ya kutajwa nchi. Mashine iliyowekwa Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania huusoma mstari huo huo mmoja. Luganda nayo ina alama yake, lg, na hakuna kinachotuzuia kuandika neno okubala chini ya programu ya hesabu.

Lakini hapa pana jambo ambalo walimu wengi hulipita bila kuliona. Mstari wa sw husomwa na mashine iliyowekwa lugha ya Kiswahili tu, na kompyuta nyingi za Kampala zimewekwa Kiingereza tangu zilipotolewa katika sanduku. Mtu aweza kuandika Kiswahili safi mchana kutwa na mwanafunzi asione hata neno moja. Dawa yake ni kuyatia maneno yetu katika mstari wa Keywords usio na mabano, pamoja na ya Kiingereza: chemistry, kemia, elementi. Tena angalieni kama faili lina mstari wa Keywords wenye en_GB, kwani mashine ya Kiingereza cha Uingereza itausoma huo na kuuacha ule mtupu. Hapo maneno yatiwe katika yote miwili.

Faili lililokuja na programu hukaa katika /usr/share/applications. Msilisahihishe humo. Programu itakapoletwa toleo jipya, faili lenu litafutwa na la zamani kurudi. Linakilini katika /usr/local/share/applications, kwa jina lile lile bila kubadili hata nukta, kisha sahihisheni nakala. Kwa kawaida mashine hutazama huko kwanza, na watumiaji wote wataiona. Mtu atakaye kujitengenezea peke yake ataiweka katika .local/share/applications ndani ya folda yake mwenyewe. Amri ya desktop-file-validate itawaonyesha mahali mlipokosea herufi.

Wenye Windows nao hawakuachwa. Menyu ya Start ilitoka na Windows 95, tarehe 24 Agosti 1995. Windows XP ya mwaka 2001 ilizitia rangi programu mpya ili zionekane, na Windows 10 ya mwaka 2015 ilikuwa na fungu la zilizoongezwa karibuni. Ni msaada mzuri kwa siku chache, na baada ya hapo programu huzama katika orodha ndefu. Humo nako mtu aweza kutengeneza njia ya mkato na kuipa jina la Kiswahili.

Je, Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, OpenOffice iliyoitwa Jambo. Kama barua na majedwali ya hesabu viliweza kusema Kiswahili wakati ule, maneno manne ya kutafutia hayawezi kutushinda. Nasi Uganda hatuna tena udhuru: katika mtaala ulioanza mwaka 2020 Kiswahili ni somo la lazima kwa S.1 na S.2, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi.

Ugumu ulio wa kweli ni kuchagua neno. Je, kijana ataandika hesabu au hisabati? Ataandika elementi au kipengele? Mimi huyatia yote, kwani mstari hauna ada. Ila sikubali tabia ya kuitia programu moja katika mafungu yote ili ionekane kila mahali; hiyo ni kuwapigia kelele wanunuzi, na menyu nzima itakuwa gulio.

Kabla ya kulifunga faili, mimi humwita mwanafunzi wa S.1 ambaye hajaiona programu hiyo. Simwambii jina. Humwambia tu, "Nitafutie kitu cha kunionyesha nyota," kisha hunyamaza na kutazama vidole vyake. Neno la kwanza aandikalo, kama halimo, huliongeza hapo hapo. Ndugu zetu wa zamani mlioko Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, mkiwa na maneno bora ya elimu ya nyota kuliko haya yangu, yaleteni kwa Mhariri, nami nitayaingiza.