Gari Tamu ni Lipi?

Wanachuo wenzangu, boom likiingia tu, hosteli yetu inageuka yadi ya magari. Huyu akipata ajira ataanza na Crown, yule anataka Prado, mwingine anasema bora IST, haili mafuta. Mimi nasomea ualimu, mwaka wa tatu, kwa hiyo kuchagua bado. Ila kuna swali silisikii kwenye ubishi huo: gari likiwa tamu kuliendesha na kulimiliki, utamu wake unatoka wapi?

Jibu nililipata Iringa, kwenye Starlet ya mjomba. Ni ya mwaka 1994, injini ya lita 1.3, gia tano za mkono. Rangi imepauka na dirisha moja la nyuma halishuki. Ndilo gari lililonifundisha udereva, kwenye ule mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini.

Siku ya kwanza lilinizimikia mara nne mlimani, nyuma watu wanapiga honi. Jasho lilinitoka. Mjomba hakupandisha sauti. "Sikiliza, mjomba," akaniambia, "acha kuangalia miguu. Achia klachi taratibu mpaka usikie mlio wa injini unashuka. Hapo limeshika. Sasa ongeza mafuta kidogo, uachie breki ya mkono." Mara ya tano likapanda.

Somo la kwanza ni hilo: gari tamu linakujibu. Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri akipata mrejesho mapema, kabla kosa halijawa mazoea. Starlet ile inatoa mrejesho papo hapo. Ukikosea gia, unaisikia. Tairi ikipungua upepo, usukani unakuvuta upande. Baada ya mwezi nilikuwa sitazami tena gia, mkono unakwenda wenyewe. Raha ya kuendesha ilianzia hapo, pale nilipoona ninaweza.

Somo la pili ni uzito. Wa fizikia mnajua: nishati ya mwendo hutegemea uzito, na mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Gari la tani mbili likienda sawa na la tani moja, breki zake zina kazi mara mbili kulisimamisha. Starlet haifiki tani moja. Ndiyo maana kwa injini ndogo vile bado inachangamka, inakata kona bila kuyumba sana, na haichoshi tairi. Mlima Kitonga mjomba hushuka na gia ndogo, injini inazuia mwendo, mguu unagusa breki mara chache ili zisipate moto. Kwake ni raha, na ni usalama pia.

Somo la tatu lilitugharimu nyumbani. Kaka yangu alichukua mkopo akanunua gari kubwa, la kifahari, otomatiki. Miezi mitatu mtaa mzima ulimsalimia. Mwezi wa nne gia boksi ikagoma. Fundi alipotaja bei, kaka akakaa chini. Mpaka leo gari limelala uani, kuku wanataga chini yake, na makato ya mkopo yanaendelea kila mwezi. Simcheki. Gari lenyewe si baya, ila alipiga hesabu ya kulinunua, akasahau ya kulitunza.

Usiku mmoja wakati wa likizo mama alizidiwa, kifua kinambana. Mjomba mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi kukanyaga klachi. Akanirushia funguo. Kaka alimshika mama kiti cha nyuma, tukapita kando ya lile gari lake, kimya. Katikati ya mlima kulikuwa na lori limeharibika, nikalazimika kusimama palepale pagumu. Nikaachia klachi taratibu, nikasikia mlio unashuka. Halikuzima. Mama alitibiwa, sasa hajambo.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeota gari, usiache kuota. Hata Crown ni gari zuri ukiwa na uwezo nalo. Ila kabla ya kulipa, liendeshe kwanza, kisha ujiulize: Je, ninasikia linachoniambia? Spea zake zipo mjini kwangu, na fundi wa mtaani anazijua? Likiharibika mwezi ambao mshahara umechelewa, nitaweza kulitengeneza? Ukijibu ndiyo mara tatu, chukua, hata kama rangi imepauka.

Mimi likizo hii mjomba ameahidi kunifundisha kubadilisha plagi na oili mwenyewe. Kwa mfuko wa mwalimu mtarajiwa, hiyo nayo ni raha.