Inchi za Maji: Kwa Mnaosomea Ufundi wa Viyoyozi



Mwezi uliopita baba mmoja, mwashi wa miaka mingi kule Kivu, aliniambia anataka kuacha kozi yake ya jioni ya mashine za joto na viyoyozi. Darasa lao linaunda meza ya kupimia mkondo wa hewa: feni, sanduku refu la mbao, na katikati kibati chenye tundu la mviringo. Mwalimu akasema, "Soma ni inchi ngapi za maji." Yeye akabaki anajiuliza hewa na maji vimekutana wapi. Ameniruhusu nieleze, kwa sababu hayuko peke yake.

Nikamuuliza, "Papa, kule nyumbani msingi wa nyumba ulikuwa unausawazishaje?" Akacheka. Kwa mpira mwangavu uliojaa maji, kwa nini nauliza?

Basi ni mpira huo huo. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja kwa kuwa hewa inayoyakandamiza huku na kule ni ile ile. Pulizia ncha moja polepole: upande wako maji yanashuka, upande wa pili yanapanda. Urefu kati ya usawa wa huku na wa kule ndiyo tofauti ya presha. Inchi 1 ya maji ni kama paskali 249.

Kwenye meza, ncha moja huunganishwa kabla ya kibati, nyingine baada yake. Ukiiacha moja wazi chumbani utapata namba, lakini ni namba ya kitu kingine. Mpira usichomoze ndani ya sanduku, maana upepo utaupiga na maji yatakudanganya. Viputo vya hewa ndani ya mpira navyo huharibu kipimo. Hilo mwashi yeyote analijua.

Kilichomwangusha kwenye jaribio ni hesabu. Maji yalitoka inchi 1 hadi inchi 4, akaandika kwamba hewa imeongezeka mara nne. Imeongezeka mara mbili tu. Hewa hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha. Ikifika inchi 9, hewa ni mara tatu.

Chujio la mashine ya joto hupimwa vivyo hivyo, ncha moja kila upande, ila hapo angalieni. Tundu la kibati halibadiliki, kwa hiyo tofauti ikikua, hewa imeongezeka. Chujio huzibwa na vumbi: tofauti inakua huku hewa ikipungua. Msimu wa baridi uliopita nilipigiwa simu na mama mmoja ambaye watoto wake walikuwa wanalala na makoti. Mashine ilikuwa nzima. Chujio lilikuwa jeusi, halijabadilishwa tangu wahamie.

Alhamisi Papa anarudia jaribio. Mpira tuliofanyia mazoezi bado uko ofisini kwetu, mezani pangu. Anayetaka kuujaribu kwa mkono wake aje.