Shamba langu likiwa juu ya gesi, nitalipwa mrabaha?

SWALI: Nalima mahindi na ufuta wilayani Momba. Huku kwetu heliamu imepatikana Itumbula, na nasikia gesi inahitajika sana duniani. Je, mwenye shamba analipwa mrabaha?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Marekani mwenye ardhi anaweza kumiliki gesi iliyo chini yake. Kwetu Tanzania, iwe heliamu ya bonde la Rukwa au gesi asilia ya Songo Songo, ni mali ya umma, na mrabaha huenda serikalini. Bei ikipanda, halmashauri yako ndiyo inayoweza kunufaika, kupitia ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ya kampuni. Basi fuatilieni fedha hizo kwa diwani wenu.

Haki yako wewe ni fidia shamba likichukuliwa kwa ajili ya mradi, na hapo ndipo wakulima wengi huumia. Siku ya uthamini uwepo shambani mwenyewe. Hakikisha kila mwembe, kisima na kibanda vimeandikwa kabla hujatia saini fomu ya uthamini, kisha ipige picha. Fidia si bei ya ardhi peke yake: kuna posho ya usumbufu na ya usafiri. Ikichelewa kupita miezi 6, dai riba. Ikipita miaka 2, uthamini urudiwe.