Mwongozo wa Kutafuta Chanzo cha Mtetemo wa Propela

Mwongozo huu ni wa mafundi wanaohudumia magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma: Toyota Hiace, Hilux, Mark II na mengine yenye propela shafti kutoka giaboksi hadi difu. Kanuni yake kuu ni moja: usifungue bolti kabla ya kujua ni kitu gani kinachozunguka kwa kasi ya ule mtetemo. Propela ikishushwa kwa kubahatisha, mteja hulipia krosi na senta beringi, kisha gari hurudi kesho yake likitetemeka vilevile.

1. Mhoji dereva

Muulize mtetemo unaanza kwenye kasi gani, na anausikia kwenye usukani au kwenye kiti. Unaotikisa usukani kwa kawaida hutoka mbele. Wa kiti na sakafu hutoka nyuma au katikati. Kisha uliza ni kazi gani ilifanyika karibuni: tairi, springi, klachi au difu. Mara nyingi tatizo huanzia pale mkono wa fundi ulipopita mwisho.

2. Jaribu barabarani

Nendeni wawili. Dereva aangalie barabara, wewe sikiliza na uandike.

(a) Shikeni kilomita 80 kwa saa katika gia ya 5, kisha kasi hiyohiyo katika gia ya 4. Mtetemo usipobadilika, iache injini na klachi. Propela iko baada ya giaboksi, hivyo hufuata kasi ya gari, si ya injini. Ukibadilika pamoja na mizunguko ya injini, kagua maunti, klachi na flaiwili.

(b) Kwa kasi hiyohiyo, dereva akanyage mafuta kisha aachie. Mtetemo unaokuja na mzigo na kuondoka nao huelekeza kwenye krosi, pembe za propela au beringi za pinioni.

(c) Gari likitikisika wakati wa kuondoka tu kisha likatulia, anza na senta beringi, maunti ya giaboksi na klachi.

3. Hesabu mizunguko

Tairi lenye mzingo wa mita 2 hivi, kwa kilomita 80 kwa saa, huzunguka mara 11 kila sekunde. Kama difu ni ya 4.1, propela huzunguka mara 45 katika sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana mtetemo wa tairi, rimu au eksili ni mzito na hutikisa kiti, ilhali wa propela huvuma chini ya sakafu kama mzinga wa nyuki. Krosi yenye pembe mbaya hupiga mara 2 katika kila mzunguko, kwa hiyo mvumo wake huwa mkali zaidi.

Ukishuku tairi, hamisha za nyuma ziende mbele. Mtetemo ukihamia kwenye usukani, kazi ya propela imeisha kabla haijaanza.

4. Kagua chini ya gari

Egesha pahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, zima injini na uweke nyutro. Usiingie chini kwa kutegemea jeki pekee. Gari lenye eksili nzima lisimamishe kwa stendi chini ya eksili, ili springi zibebe uzito kama barabarani.

- Mwili wa propela: tafuta bonde na tope lililoganda. Ukiona alama za welding zisizoshika kitu, kipande cha balansi kimeng'oka.
- Krosi: shika pande mbili na uzungushe kinyume. Unga mwekundu wa kutu kwenye ukingo wa kikombe ni dalili kwamba sindano zimekauka grisi. Propela ikishushwa, krosi nzima hukunjika laini. Mbovu hukwama kidogo katikati, kwa sababu sindano zimechimba vijishimo pale zinapokaa siku zote.
- Senta beringi: kagua mpira uliochanika, kisha zungusha beringi usikilize kama inakwaruza.
- Pinioni: sukuma flenji juu na chini. Ikicheza, tatizo ni la difu.

5. Shusha kwa alama

Kabla ya kufungua, piga rangi kwenye flenji zote na kwenye meno ya kuteleza. Uma za ncha mbili za kipande kimoja lazima zikae kwenye mstari mmoja, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Jino moja likirukwa, mtetemo mpya huzaliwa. Kama kila kitu ni kizima na mvumo umebaki, geuza propela nusu mzunguko kwenye flenji ya difu, kisha jaribu tena.

6. Pima pembe

Hatua hii ni muhimu kwa pick-up na Hiace zilizoongezwa springi ili zibebe zaidi. Eksili ikiinama, pinioni hubadili uelekeo. Kwa propela ya kipande kimoja, shafti ya giaboksi na pinioni zinapaswa kwenda sambamba, tofauti isizidi takribani nyuzi 1. Kabari ya chuma kati ya springi na kitako chake kwenye eksili hurekebisha kasoro hiyo. Kwa gari ambalo kila gurudumu la nyuma lina sapenshini yake, pima likiwa juu ya shimo, limesimama kwa magurudumu.

7. Balansi iwe ya mwisho

Peleka propela kwenye mashine ikiwa imefungwa krosi nzima, kwa sababu krosi iliyolegea huharibu vipimo. Usibandike chuma kwa kukisia.

Mkimaliza, rudini kwenye barabara ileile, kilomita 80 zilezile na mzigo uleule, kisha andika matokeo kwenye kadi ya kazi kabla ya kukabidhi funguo.