Kompyuta Inapopoteza Mtandao Baada ya Kusasishwa

Kiendeshi ni programu inayotafsiri amri za kompyuta ili kadi ya mtandao usiotumia waya izielewe. Kikiwekwa kiendeshi kipya kisicholingana na kadi hiyo, mawasiliano hukatika ingawa kadi yenyewe ni nzima. Hapo ndipo penye tatizo: dawa imo katika intaneti, na intaneti ndiyo iliyopotea. Hata hivyo, shule iliyoko Kongwa haina haja ya kukimbilia kwa fundi Dodoma kabla ya kujaribu hatua zifuatazo.

Kwanza, hakikisha kwamba simu inaupata mtandao huo huo. Isipoupata, yaelekea hitilafu haimo katika kompyuta. Pili, katika Windows fungua Device Manager, chagua kadi hiyo, kisha rudisha kiendeshi cha awali. Tatu, kiendeshi hicho kisipokuwapo, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uiruhusu igawe intaneti yake, kwani njia hii haiitegemei kadi iliyogoma. Ndipo upakue kiendeshi cha mtengenezaji kinacholingana na modeli ya kompyuta.

Siku nyingine, kabla ya kusasisha, hifadhi kiendeshi kinachofanya kazi katika flashi.