Tafakuri ya Leo, Ramadhani 17: Mawe Meusi ya Madina



Mliokwenda Umra mmeyaona. Nje kidogo ya Madina ardhi inageuka nyeusi, mawe tupu, mengine yana matundu kama mkate wa kumimina. Waarabu wanaiita harra. Ni mabaki ya volkeno.

Nilipokuwa nafundisha shule, mfano wangu ulikuwa chupa ya soda. Itikise, ifungue: gesi inachomoka na soda inaruka nayo. Chini ya ardhi ni vivyo hivyo. Mwamba ulioyeyuka una gesi ndani yake. Ukikaribia juu, gesi inatanuka na kuurusha vipande vipande. Vilivyo chini ya milimita 2 tunaviita majivu, ingawa si majivu ya kuni, ni mwamba uliosagika. Vinavyozidi milimita 64, vikirushwa vingali laini, hupata umbo vikiwa angani. Hivyo wataalamu wanaviita mabomu. Matundu ni njia ya gesi.

Mwaka 654 Hijria (1256), mwezi wa Jumadal-Akhira, Madina ilitikisika siku kadhaa, kisha ardhi ikapasuka upande wa mashariki. Wanajiolojia wanasema moto ule ulidumu siku 52. Vipande vilivyorushwa vikajirundika vikawa vilima, vipo mpaka leo. Mwamba ulioyeyuka ukatiririka kilomita 23, ukasimama kama kilomita 8 kutoka mjini. Imam Nawawi alikuwa hai wakati huo, na ameutaja katika sharhe yake ya Sahih Muslim, kwenye hadithi ya moto wa Hijazi.

Lakini kinachonikamata mimi ni barua. Abu Shama wa Damascus alizihifadhi barua zilizotoka Madina siku zile. Katika moja, kadhi anaeleza alivyomwendea amiri wa mji na kumtaka arejee kwa Allah. Amiri akawaacha huru watumwa wake, akawarudishia watu mali zao.

Mali zao! Kumbe zilikuwa kwake.

Sisi hatujarushiwa mawe. Tuko Ramadhani 17, tumeshiba daku, na mshahara wa dada wa kazi bado tunasema "mwezi ujao". Shamba la mirathi la shangazi tunalima sisi. Mimi mwenyewe nina kitabu cha mwenzangu tangu tuko chuo cha ualimu. Jana nimempigia, akacheka, akasema alishakisahau. Mimi nilikuwa sijakisahau.

Wewe je, kwako kuna cha nani? Mpigie kabla ya futari.

Darsa baada ya Alasiri lipo kama kawaida, in shaa Allah.