Fumbo la Stelingi: Siasa Iliyofichwa katika Filamu za Kusisimua



Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Bibi zetu hapa Garissa husimulia ngano ya simba, fisi na mbweha waliogawana nyama. Fisi aligawa kwa namna yake, simba akampiga kofi hadi jicho likatoka. Zamu ya mbweha ilipofika, akampa simba karibu nyama yote. Akaulizwa nani kamfundisha kugawa vizuri hivyo. Akajibu, "Ni jicho la fisi." Mtoto hucheka, lakini mtu mzima anajua kwamba hapo wametajwa watawala.

Filamu nazo ni ngano. Wengi wetu tukitazama sinema, macho huwa kwenye risasi na mbio za magari, tunamshangilia stelingi basi. Mimi nasema tujiulize swali moja: hapa naogopa pamoja na nani? Filamu ya kusisimua huendeshwa na hofu. Yule tunayeshirikishwa hofu yake ndiye tunayemwona binadamu kamili, na hapo ndipo siasa hujificha.

Mfano wa kwanza ni Invasion of the Body Snatchers ya mwaka 1956. Katika mji mdogo wa Marekani, watu wakilala nafasi yao huchukuliwa na viumbe wenye sura zao lakini wasio na hisia. Miaka hiyo Wamarekani waliogopa Ukomunisti, na watu wa Hollywood walioshukiwa walinyimwa kazi. Kwa hivyo, wengine husema viumbe wale ni Wakomunisti. Wengine husema la, ni raia waliokubali wote kufikiri namna moja. Filamu yenyewe haitaji chama chochote. Hiyo ndiyo jazanda!

Mfano wa pili unahusu Kenya: Something of Value ya 1957. Peter, mtoto wa mlowezi, na Kimani walikua pamoja, kisha Kimani akaingia Mau Mau. Filamu inaonyesha jinsi Kimani alivyoonewa, lakini usiku wa shambulio tunawekwa ndani ya nyumba ya mlowezi. Katika vita vile walowezi raia waliouawa walikuwa 32, ilhali Waafrika waliuawa kwa maelfu. Mwishoni Kimani anakufa, na Peter anamchukua mtoto wake mchanga akamlee. Yaani kesho ya Kenya iko mikononi mwa mlowezi! Mwaka huo huo Dedan Kimathi alinyongwa.

Tusidhani mambo hayo yaliisha zamani. Captain Phillips ya 2013 inahusu meli iliyotekwa Aprili 2009 ikielekea Mombasa. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, aliigiza haramia Muse vizuri hata akateuliwa kuwania Oscar. Muse anapewa nafasi ya kusema kwamba meli kubwa za kigeni zilimaliza samaki wao. Hata hivyo, hofu tunayopewa ni ya nahodha. Maharamia watatu wanapopigwa risasi, mtazamaji anashusha pumzi.

Likizo moja nikiwa Nairobi, kijana wa rika langu aliposikia jina langu aliniuliza kama mjomba wangu ni haramia. Jamani, Garissa tuna Mto Tana, bahari tutaitoa wapi? Hakuwa na ubaya. Alikuwa amebeba hofu ya nahodha bila kujua.

Sisemi tuache sinema, la hasha! Uharamia ulikuwa uovu, na nahodha alikuwa na haki ya kuogopa. Nasema tutazame kama tunavyosoma riwaya darasani, tukitafuta dhamira.

Zoezi: Chagua filamu moja uipendayo, kisha ujibu.
1. Ni nani wana majina, na nani ni kundi tu?
2. Adui anapewa nafasi ya kueleza sababu zake?
3. Akifa mtu, nani anaonyeshwa akimlilia?

Leteni majibu kwenye kikao cha chama tuyajadili. Kiswahili kitukuzwe!